Jeneza Ambalo Baba Hakulilalia

Baba alikuwa fundi wa majeneza, na kila jeneza alilotengeneza alilala ndani yake kwanza. Alivua viatu, akajinyoosha chali, akasugua mgongo huku na huku kutafuta ncha ya msumari.

"Atakayelala humu hawezi kulalamika," alituambia. "Basi nalalamika mimi kwa niaba yake."

Kaka yangu alikulia kwenye maranda ya karakana ile, akaja kuandika riwaya ya kuchekesha juu ya biashara ya mazishi. Ndani yake kulikuwa na fundi anayejificha kwenye jeneza na kukoroma humo ili mkewe asimtume sokoni. Baba aliisoma yote, akacheka hadi akakohoa.

"Umenipaka matope, mwanangu," alisema, "lakini umeyapaka vizuri."

Kisha riwaya ikafanywa filamu. Kitabuni, yule fundi alitafuta misumari kama baba. Kwenye filamu, sehemu hiyo ilikatwa, ikabaki mikoromo tu. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Baba alikaa kati yangu na kaka, mikono magotini. Tulipokuwa tukirudi nyumbani akauliza, "Misumari imeenda wapi?"

"Walisema inachelewesha hadithi, baba," kaka alijibu, akitazama chini.

Mtaa ukapata la kusema. "Fundi, leo umefufuka saa ngapi?" muuza mkaa alimtania.

"Mapema. Nilikwenda kukushikia nafasi."

Utani aliuweza. Kilichomshinda ni siku mjane mmoja, macho mekundu, alipopitisha kiganja juu ya ubao, akamwambia kwa adabu, "Samahani, mzee wangu. Nipe ambalo hujakoroma ndani yake."

Tangu siku hiyo hakulala tena kwenye jeneza. Alipapasa kwa vidole tu, na vidole vyenyewe vilikuwa vimeota sugu kwa kushika randa. Nilimwambia kaka. Akaahidi kuja kuzungumza naye, lakini kila mara ikawa wiki ijayo. Alipofika, baba alikuwa ameshafumba macho.

Jeneza lake tulilikuta karakanani. Alikuwa amejitengenezea mwenyewe, kimo chake hasa. Nilipoanza kutandika shuka ndani, kaka akanishika mkono.

"Ngoja kwanza, mdogo wangu."

Akavua viatu. Shangazi akamfokea, "We mtoto, una wazimu? Hata leo unatafuta kichekesho?"

Kaka akaingia ndani ya jeneza. Alijilaza chali, akasugua mgongo huku na huku, mara akasita. Alipoinuka, shati lilikuwa limechanika begani.

Hakuna aliyecheka. Kaka alichukua nyundo ya baba, akaupiga ule msumari hadi ukazama, akapitisha msasa juu yake. Kisha akarudi kulala ndani, kuhakikisha. Safari hii alikaa humo muda mrefu, uso ameufunika kwa mikono, na shangazi hakumwambia atoke.