Emwani ya Saa Nane

Tangu asubuhi Evelyne hakutulia. Kwa miaka mingi alikuwa akifuatilia mihadhara ya Ubudha kwenye simu, chumbani kwake Rwamishenye, mtandao ukikatika pale pale utamu ulipokolea. Leo kongamano la Ubudha lilikuwa hapa hapa Bukoba, na yeye, mwalimu wa chuo, angesoma mada mbele ya mtawa Sumedha, msomi wa Sri Lanka aliyejifunzia Kiswahili Dar. Alivaa viatu, akavua, akajaribu vingine, akarudia vile vile vya kwanza.

Jambo moja tu lilimkosesha raha. Mama yake, Ma Ephrasia, alikuwa njiani kutoka Ngenge. Jirani mmoja mwenye mdomo alikuwa amemwambia kwamba binti yake ameliacha Kanisa, sasa anaabudu sanamu.

"Nakuja kujionea," mama alisema kwenye simu. "Ikiwa ni kweli, kwako sikanyagi tena." Na huyo mama akisema, amesema.

Mama aliingia ukumbini saa nane, rozari shingoni, watu wakitoka kula. Alimtazama Sumedha, kichwa kipara na vazi la rangi ya machungwa, akaona kasoro moja tu: mgeni amekaa mikono mitupu. Kwa Wahaya hilo haliwezekani. Hata kama mgeni amekuja kukuibia binti, kwanza apewe emwani, kahawa ya kutafuna. Ma Ephrasia akafunua kikapu chake, akatafuna punje moja kama mwenyeji anavyopaswa, akamnyooshea nyingine. Sumedha akapokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Kisha akaiweka mezani.

Uso wa mama ukabadilika. "Hatafuni? Waitu, jamani, nimemkosea nini?"

Evelyne alitamani ardhi ipasuke. Mada yake yote ilihusu jambo hilo hilo: watawa wasiokula ila walichopewa mkononi, na wasiokula kabisa baada ya adhuhuri. Ukumbi mzima ulikuwa na muhtasari wake. Mama yake mzazi hakuambiwa hata neno. Na anajiita msomi!

Mwenyekiti akamwita mbele. Akaziacha karatasi kitini, akasimama akimtazama mama yake tu.

"Mama, hawa jua likishapita utosini hawali hadi kesho. Na hiyo kesho hawapiki. Wanatembea na bakuli, wanangoja mtu awape."

"Kwa hiyo amefunga?"

"Ndiyo, Mama."

"Na Kwaresima bado!"

"Wao ni kila siku. Mimi nasoma habari zao, basi. Jumapili bado naimba kwaya, kamuulize paroko."

Ukumbi ulicheka. Ma Ephrasia hakucheka. Aliitazama ile punje mezani, akamtazama mtawa, akashika kichwa. "Mtu amefunga, nami namtia majaribuni!" Akahamia kiti cha mbele na kusikiliza mada yote, na Evelyne hajawahi kusema vizuri kama siku ile. Sauti ilitoka yenyewe.

Kesho yake Evelyne aliwahi, akamkuta mama mlangoni mwa ukumbi na ndizi za moto ndani ya majani ya mgomba, akiwazuia maprofesa. "Ninyi mlikula jana jioni. Anaanza aliyefunga." Kisha akamgeukia binti yake. "Leo unasoma saa ngapi?"

"Leo sisomi, Mama. Nasikiliza tu."

"Waombe nafasi. Yule jirani nimempigia simu, yuko njiani."