Salamu za Dakika Tano

Mwaka uliopita dereva Tsongo alikaa siku mbili ndani ya lori mlimani, mguu umevunjika, mahali ambapo simu ya kawaida haishiki. Hakuna aliyejua. Medius, binti aliyetoka chuo kikuu juzijuzi na kuajiriwa na Haji Mubarak, mwenye malori ya kahawa pale Kasese, alijiapia kwamba jambo hilo halitatokea tena.

Lakini Haji alikwisha kuzipenda simu mbili za setilaiti zilizoletwa kwa majaribio, nyeusi, nzito, antena nene kama muhogo. Medius alitaka redio za upepo, moja kila lori, madereva wote wasikizane.

"Redio ni ya maaskari," Haji alisema. "Mimi nataka kitu cha mtu mkubwa."

"Basi tujaribu vyote, Haji; redio tuziazime, moja kila lori. Tsongo aende Bwesumbu kule mlimani na simu moja, aegeshe popote, ajifanye amekwama. Kitakachotuambia alipo, ndicho tununue."

Haji akakubali. Medius akaiwekea simu ya Tsongo muda wa maongezi wa dakika tano tu, kisha akainama kuficha tabasamu, akijifanya anafunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Alimjua Tsongo. Alimjua Haji pia.

Saa nne asubuhi simu ikalia.

"Salaam aleikum, Haji."

"Waaleikum salaam, Tsongo! Nyumbani?"

"Nyumbani iko muzuri. Mama Fatumah?"

"Mzima. Na watoto?"

"Batoto beko, Haji. Beko sana!"

Wakaulizana mtoto mmoja mmoja. Wakamaliza wakwe. Walipofika kwa mbuzi mweusi aliyekuwa na kikohozi, simu ikakata.

"Yuko wapi?" Medius aliuliza kwa upole.

Haji aliitazama simu. "Mbuzi amepona," akasema.

Saa tano redio ikakoroma. Salamu zikaanza upya kabisa, maana kuanzia katikati ni ukosefu wa adabu. Nyumbani, watoto, wakwe, mbuzi. Dakika ya nane Haji akapiga mwayo, na Medius akamsogezea redio karibu. Haji akichoka sasa, Tsongo atarudi milimani bila redio.

"Na barabara ya huko?" Haji akauliza.

"Mubaya, Haji! Hapa chini ya kanisa la Bwesumbu iko matope tu."

Medius alikaribia kuruka. Haji hata hakushtuka. Alikuwa bado hajaulizia mvua. Wakaimaliza mvua, wakaingia kwenye kahawa, ndipo sauti ya dereva mwingine ikapenya.

"Haji, ni mimi Danieri. Nilikuwa nateremka na mzigo, nikasikia akitaja kanisa, nikageuza gari. Niko naye hapa."

"Amekwama?"

"Amekwama na kitu gani? Amelala kivulini, anakula ndizi, redio iko tumboni!"

"Madamu ndiye alisema nijifanye!" Tsongo akalalamika.

Medius akacheka mpaka machozi. Haji alijiegemeza vizuri kitini.

"Danieri, mwanangu, hujambo? Nyumbani?" akaanza, na kwa mkono wa pili akaisukuma simu yake ya setilaiti kwa Medius, airudishe ilikotoka.