Paa Lililopigwa Bandi

Ulipita pale. Usikane. Uliiona madrasa ya Nyakabanda imefunuka kama sufuria, ukasema, "Maskini, upepo huu!" ukavuka ng'ambo ya barabara viatu visiingie tope. Upepo! Upepo haujawahi kupatana kazi na mtu. Simama leo usikie mambo ya masika ya mwaka themanini na mbili, maana wanaokumbuka wamebaki wachache, na wanaosahau wanaezeka tena.

Munyakazi alikuwa fundi cherehani, mjukuu wa mchuuzi aliyepanda kutoka Pwani na marobota ya amerikani, akaoa huku, akazikwa huku. Mkewe, Mukagasana, ndiye aliyewafundisha watoto wadogo alifu na bee katika madrasa hiyo. Paa la kale lilipooza, watu wa mtaa wakapatana na Nsengiyumva, mkandarasi wa mapaa, mtu wa kicheko kikubwa. Mapatano yalisomwa mbele ya wote: mikaratusi iliyokauka, misumari yenye kofia, na kila kenchi, fremu ya miti inayobeba bati, ifungwe kwa waya uliopita ndani ya ukuta, ili upepo ukija ukute paa na nyumba ni kitu kimoja.

Mtaa ule ulikuwa na desturi yake. Paa likikamilika, fundi na wenye nyumba hula sinia moja, dua inasomwa, na tangu hapo hakuna wa kuikagua kazi. Aliyekula chumvi yako humpandii ngazi. Nsengiyumva hakuwa Mwislamu, lakini desturi hiyo aliijua kuliko waumini. Ndiyo maana aliomba pilau iletwe saa nne asubuhi, vibarua wake wangali wanagonga upande wa nyuma.

Munyakazi, mkono umo siniani, akainua macho. Miaka ishirini ya kufuata mshono ilikuwa imelifundisha jicho lake. Msumari mmoja hapa, mwingine kule mbali, kama ule uzi wa bandi anaoupitisha fundi nguo isimame tu mteja aijaribu.

"Mzee Nsabimana," alimnong'oneza mwenyekiti wa madrasa, "ule si mshono. Ile ni bandi. Nguo ya bandi humvalishi bwana harusi akatoka nayo."

"Kula, mwanangu."

"Nipande nitazame tu."

"Upande? Mkono wa mtu umo siniani pamoja na wako! Wataka kutuvua nguo mbele ya wageni?"

Munyakazi akainama, akala. Na hilo lisemwe pia: alikula, na nyama ilikuwa laini.

Wiki ya pili alipeleka mapazia kwenye jumba moja la Kiyovu. Jirani yake palikuwa na kazi ya paa, na juu ya kenchi amesimama Nsengiyumva. Miti mikavu, inalia kama ngoma ikigongwa. Misumari yenye kofia. Kila kenchi imefungwa waya mara mbili.

"Ee, Sindano!" Nsengiyumva alimwita. "Umekuja kunipima suti?"

"Patroni, waya kama huo, kwetu uliuweka wapi?"

"Kwenu iko dua. Paa imeshaombewa, sasa unataka na waya ya nini?"

Vibarua wakaangua kicheko.

"Chini ya paa lile yuko mke wangu na watoto arobaini."

"Hapa iko balozi. Balozi akivujiwa, anapiga simu. Wewe ukivujiwa utapiga nini, sha? Cherehani?"

Munyakazi aliteremka Nyakabanda kwa miguu, akaazima ngazi kwa mpaka rangi, akapanda mchana kweupe, watu wanatazama. Alipitisha mkono kati ya ukuta na mti. Ukapenya hadi kiwiko. Hakuna waya. Mti mbichi, una unyevu. Msumari mmoja aliung'oa kwa vidole viwili, kama jino la mtoto.

Aliuweka kiganjani mwa Mzee Nsabimana. "Tuifunge madrasa leo."

"Leo Jumatano. Tutazungumza Ijumaa baada ya swala. Tukimwita kwa pupa ataona tumemtukana."

"Na upepo je, nao utangoja swala?"

"Astaghfirullah! Chunga ulimi wako."

Nyumbani Mukagasana alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Watoto wakija kesho niwafukuze nikisema nini? Kwamba wazee wao wanaona haya?" Asubuhi akayasogeza mabenchi yote karibu na mlango. Yalijaa. Uwamahoro, binti wa Nyirahabimana muuza sambusa, alikuwa na miaka saba na alichelewa siku zote. Akakaa chini, kule ndani pembeni.

Alhamisi hiyo, baada ya adhuhuri, upepo ulishuka mlimani na mvua nyuma yake. Paa halikuvunjika. Lilinyanyuka zima, likakaa hewani kama linalofikiri, kisha likarudi chini kwa ubavu. Mukagasana alikuwa mlangoni akiwatupa watoto nje mmoja mmoja. Wakatoka thelathini na tisa. Alimrudia wa arobaini, na bati likamkuta akimnyooshea mkono. Mkono ule haukushika tena kalamu. Uwamahoro alizikwa siku iyo hiyo, kabla ya magharibi.

Siku ya tatu Nsengiyumva alikuja msibani na gunia la mchele. Wanaume wakasogea jamvini wampe nafasi. Mzee Nsabimana mwenyewe akamletea maji ya kunawa.

"Asile!" Munyakazi alisimama. "Akila hapa, hatutamuuliza neno mpaka Kiyama!"

Nyirahabimana akatoka ndani, akapita katikati ya wanaume, akalichukua sinia lililokuwa mbele ya Nsengiyumva. "Mwanangu hajala," alisema. "Wewe utakulaje?"

Sauti moja ikasema uchungu unamsemesha. Wakamshika mabega taratibu, wakamrudisha ndani. Sinia likarudishwa. Nsengiyumva akanawa, akala, akasema shauri la Mungu, wakaitikia.

Mwaka huo huo aliezeka zahanati moja. Baadaye shule mbili, upande wa Rebero. Munyakazi alinunua ngazi yake mwenyewe, akaiegemeza barazani kwake. Anayetaka na aichukue. Wengi humsalimia, huitazama, huendelea na safari.

Na wewe? Watoto wako wamekaa chini ya paa gani saa hii? Nani alilipanda baada ya pilau? Weka chini karatasi hii. Ngazi ipo barazani kwa Munyakazi. Panda, na aibu yako ipande nawe. Pitisha mkono kati ya ukuta na mti. Ukipenya, watoe watoto nje leo hii. Usingoje Ijumaa.