Maoni ya Mama Povu Kuhusu Fedha za Bure

Suruali ya tatu ya jinzi ilikuwa bado imegoma kutakata, mdodosaji alipopiga hodi uani. Mama Povu, jina alilopachikwa na mtaa mzima kwa kuwafulia watu nguo, alimkaribisha kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa imezama kwenye beseni.

"Karibu dada. Geuza hiyo ndoo ukae."

Mdodosaji aliigeuza, akawasha kishikwambi chake, akasoma maelezo ya mwanzo chapuchapu, kama mtu aliyekwisha kuyasoma kwenye milango arobaini tangu asubuhi. Utafiti. Nchi kadhaa. Hiari. Kisha akaingia kwenye swali lenyewe.

"Serikali impe kila mtu fedha za kujikimu kila mwezi, awe tajiri au maskini, afanye kazi asifanye, bila sharti lolote. Unaonaje?"

Mama Povu aliacha kusugua. "Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Na watoto?"

"Wamo pia."

Alijifuta mikono kwenye gauni, akaomba dakika moja, akaingia ndani kupiga simu. Binti yake alikuwa na mwaka wa pili kwa bibi yake, mwendo wa siku nzima kutoka hapo, kwa sababu beseni moja halikuweza kulisha midomo miwili. Alitamani kuwa na mtoto yule mpaka mwili ukamuuma. Kila akifua magauni ya watoto wa watu, alikisia wake sasa anavaa la ukubwa gani.

"Mwanangu, kusanya nguo zako. Mwezi ujao nakuja kukuchukua. Kweli tena! Mwambie bibi."

Alirudi na kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ndani ya mfuko wa nailoni.

"Tuandike wote wawili."

Uso wa mdodosaji ulimshuka. "Dada yangu, hapa haandikishwi mtu. Tunakusanya maoni tu. Nilikusomea pale mwanzo."

"Maoni ya nini, kama hakuna kinachotolewa?"

"Ya kulinganisha. Kuna nchi wengi wanataka, kuna nchi wanakataa kabisa. Wakubwa wanataka kujua huku kwetu mnasemaje."

Simu iliita ndani, ikakatika, ikaita tena. Mama Povu alijua ni nani. Hakwenda.

"Sasa," mdodosaji aliuliza kwa upole, "unaunga mkono au unapinga?"

"Andika napinga."

"Wewe? Unapinga?"

"Kitu kilichonifanya nimdanganye mwanangu, nakipinga. Andika hivyohivyo."

Mdodosaji alipitisha kidole kwenye orodha ya sababu, juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Hiyo haikuwamo, na kishikwambi kilikataa kusonga mbele bila sababu. Mwishowe akabonyeza ile ya kwanza kwenye orodha: *Watu watakuwa wavivu.*

"Ahsante kwa muda wako, dada."

Mama Povu alikuwa ameshainamia beseni, na mashuka ya nyumba mbili yalikuwa bado hayajaguswa.