Msimamizi Akifa

Kazi yangu ni kuwaandikia watu hati za miradi, na nimezoea kuwaona wakigombana. Kabla ya kukaa mezani kila mtu anasema tuko pamoja. Ukiwauliza nani mwenye kauli ya mwisho, wanaanza kutazama dari. Nimewahi kuona ndugu wa tumbo moja wakivunja biashara palepale, chai haijapoa. Kwa hiyo kaka yangu Chenge aliponiomba nimwandikie hati ya vizimba vyake vya samaki, nilimwambia atafute mtu mwingine.

"Mtu mwingine siwezi kumweleza ninachotaka kukueleza wewe, Justa," alisema.

Nilijua anachotaka. Figo zilikuwa zimemshinda. Alikuwa akienda hospitali kusafishwa damu, anarudi rangi imempotea, analala mchana kutwa, kesho yake anaamka na habari za sato. Kibali cha kuweka vizimba ziwani Kayenze alikuwa amekwisha kukipata, na kampuni moja inayonunua samaki ilikuwa tayari kuingia naye ubia. Walitaka kwanza hati: mradi ni wa nini, unaishia wapi, una hatari gani, na nani anausimamia. Chenge alitaka jambo moja liandikwe humo. Yeye akifa, mkewe Dorcas aendeshe mradi, bila kusubiri kikao cha ukoo.

Sitazunguka. Kwetu mwanaume akifa, ukoo unakaa, mali inapewa mtu wa kuitazama, na mtu huyo karibu kila mara ni mwanaume wa upande wa marehemu. Wengine ni waaminifu. Wengine, mwaka haujaisha, unamkuta mjane anaomba sabuni kwenye duka alilolianzisha kwa mikono yake. Kwetu mtu huyo angekuwa baba mdogo Ngosha, mfugaji wa Misungwi, mzee asiyeamini benki wala mwanamke aliyeshika kalamu. Ndivyo nilivyomwona mimi, na sikumpenda.

Kumwacha nje haikuwezekana. Ng'ombe wake ndio waliouzwa ili vizimba vitengenezwe, na mtu aliyeuza ng'ombe wake huwezi kumwambia asubiri nyumbani.

Tulikaa Nyakato, sebuleni kwa Chenge, Jumapili baada ya ibada. Chenge alikuwa kwenye kochi, mto mgongoni. Baba mdogo aliitikia shikamoo zetu, akachagua kiti kilicho karibu na mlango. Dorcas alikaa mkekani upande wa jikoni, kwa sababu mkwe hakai kiti kimoja na baba mkwe, hampi mkono na hamtaji jina. Baba mdogo naye hakuwahi kumtaja Dorcas kwa jina tangu aolewe. Alimwita mama Precious, na mara nyingi maneno yake aliyapitisha kwa mtu wa tatu hata wakiwa chumba kimoja. Mimi mambo hayo yananichosha, lakini sikuitwa kuyarekebisha.

Lengo la mradi tuliliandika haraka. Tulipofika kwenye mipaka, yaani yale ambayo mradi hautafanya, nilisoma: hautanunua mitumbwi ya uvuvi, hautauza dagaa, hautafungua duka.

"Na ng'ombe?" aliuliza baba mdogo.

"Ng'ombe hawamo, baba. Ni mradi wa samaki."

"Andika kwamba hawamo. Nisije nikasikia samaki wamekosa chakula, mkaja tena zizini kwangu."

Chenge alicheka mpaka akakohoa, nami nikaandika. Kusema kweli kilikuwa kipengele kizuri kuliko vyote nilivyokuwa nimeandika mwenyewe.

Zikafika hatari. Dorcas, ambaye alikuwa amejifunza ufugaji wa vizimba pamoja na mumewe na kumzidi, alizitaja taratibu akiwa ameinamisha kichwa. Dhoruba kukata kamba. Maji kukosa hewa, samaki wakaelea asubuhi. Wezi. Chakula cha samaki kupanda bei. Baba mdogo alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila moja.

"Ongeza hii," alisema Chenge. "Msimamizi wa mradi anaweza kufa."

Baba mdogo aliweka kikombe chini.

"Usituchulie."

"Baba, si kuchulia. Ni hatari kama dhoruba. Wabia wenyewe watauliza."

"Nimesema usituchulie, ng'wanawane, mwanangu. Baba yako alifia mikononi mwangu. Leo nikae hapa nakunywa chai huku wewe unaandikisha kifo chako? Hapana."

Hakupandisha sauti. Chenge alinyamaza, maana kwetu mkubwa akishasema hivyo hakuna mtu mzima wa kubishana naye. Mimi hasira zilinipanda. Nilimtazama kaka yangu, mikono imevimba pale anapochomwa sindano, anakatazwa kusema jambo ambalo kila mtu mle ndani alikuwa analiona.

"Tusipoandika, baba mdogo," nikasema, "atashika nani?"

Jibu lilikuwa limekaa kwenye kiti kando ya mlango. Nilitaka aone aibu, lakini alinitazama tu, kisha akaelekeza kidole kwenye kompyuta yangu.

"Hapo kwenye msimamizi umeandika nani?"

"Chenge."

"Futa. Andika Ngosha."

Nikasema kimoyomoyo, mzee huyu hata kusubiri msiba ameshindwa. Nilimgeukia Chenge akatae, naye alikuwa amefumba macho.

"Andika, Justa," alisema. "Mkubwa amesema."

Niliandika huku nikigonga vitufe kama nilivyotamani kumgonga yeye. Dorcas alikuwa anavuta nyuzi za mkeka, moja moja.

"Umemaliza?" aliuliza baba mdogo.

"Nimemaliza."

"Sasa ile hatari yenu iandikeni. Msimamizi akifa. Mimi ni mzee, kifo changu kinaandikika. Hakuna anayemchulia mzee."

Nikaandika.

"Na ongeza, au akichoka. Akifa, au akichoka, anashika nani?"

Aligeuka kuelekea mkekani. Hakumtazama Dorcas usoni, alitazama ukuta juu ya kichwa chake.

"Anashika Dorcas," alisema. "Dorcas Malimi, mke wa Chenge. Bila kikao."

Dorcas aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. Chenge alilia wazi, bila kujificha, na sikuwahi kumwona akilia hata tulipomzika baba. Nililia na mimi, nikiwa bado na hasira na mzee yule, maana angeweza kutuambia mapema tusiumie roho.

Lakini mimi ni mtu wa kazi hii. Machozi yalipokauka nilimfuata Chenge chumbani.

"Umempa kiti," nilimwambia. "Siku ikifika akikataa kuinuka?"

"Basi tutakuwa tumekosea wote," alisema. "Niache nilale."

Vizimba vilishushwa majini Kayenze. Chenge aliletwa kwa gari, akakaa ufukweni kwenye kiti cha plastiki, akamtazama mkewe akirusha chakula na maji yakichemka kwa samaki. Aliongea habari hiyo njia nzima ya kurudi. Hakuwahi kula sato wa vizimba vyake. Alifariki kabla hawajafikia kuvunwa, tukamzika Misungwi kando ya baba.

Matanga yalipokwisha ukoo ulikaa uani. Dorcas alikuwa mkekani ndani na wanawake, mlango ukiwa wazi. Mimi niliitwa kwa sababu ya kalamu. Walimaliza maneno ya nyumba, ya shamba, ya ada za Precious. Kisha Jonathan, binamu yetu anayekaa Magu, akakohoa kidogo.

"Na samaki wa marehemu? Watatazamwa na nani?"

Niliona vichwa vikimgeukia baba mdogo. Kila mtu alikuwa na jibu. Miezi yote ile nilikuwa nikisubiri kuona uso wake dakika hii.

"Wale samaki hawamo kwenye kikao hiki," alisema. "Justa, leta hati. Soma."

Nilisoma mpaka kwenye kipengele chenyewe. Jonathan alinikatiza.

"Imesema msimamizi akifa. Msimamizi ni wewe, baba, na upo hai. Marehemu alikuwa hana cheo humo."

"Soma mpaka mwisho," baba mdogo aliniambia.

"Au akichoka," nikasoma.

"Nimechoka," alisema baba mdogo. "Nimemzika kaka yangu. Nimemzika mtoto wake. Mnataka nichoke namna gani tena?"

Jonathan aliinamisha kichwa. Mzee aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akatoa mfukoni ufunguo wa stoo ya chakula cha samaki kule Kayenze. Hakumpa Dorcas mkononi, maana mkwe hapewi kitu mkononi. Aliinama kwa shida, akauweka juu ya mkeka na kurudi nyuma. Dorcas alipiga magoti, akauchukua.

"Justa," aliniita baba mdogo, Dorcas akiwa palepale mbele yake. "Mwambie msimamizi kesho arudi Kayenze. Samaki wanataka kula."

"Wifi," alisema Dorcas, naye akinitazama mimi, machozi yakimtoka. "Mwambie baba nimesikia."