Ukurasa Usiosubiri Kahawa

Ijumaa ile nusura nimfungie dada yangu Verlie chumbani. Tangu asubuhi tulikuwa mtandaoni tukiomba namba ya kodi ya biashara yake, ile inayotolewa na serikali kuu. Bwana Hulin, mwenye duka la kando ya kanisa, alishasema wazi kwamba bila namba kufikia saa kumi na moja jioni, duka anampangisha muuza chambo. Verlie alilitaka duka lile kuliko kitu chochote. Tangu mumewe Clovis afariki, alikuwa akipika soseji zake za wali na nguruwe nyumbani, peke yake, akiongea na sufuria.

Kujaza maombi si kazi. Balaa ni kwamba ukurasa ukiachwa robo saa bila kuguswa unajifunga, na yote uliyojaza yanapotea. Na kwetu Louisiana mtu akiingia mlangoni humwambii asubiri. Unamwekea kahawa, unamuuliza habari za magoti yake, kisha za mama yake.

Akaja jirani Eula na mayai. Ukurasa ukajifunga. Tukaanza upya, akaja binamu yetu Ovide, eti kuuliza kama namba imetoka. Ukajifunga tena.

"Verlie, kaa chini!" nikafoka. Mimi naandika, lakini majibu anayo yeye.

"Mgeni akae mdomo mkavu, Nolia? Mama si atafufuka!"

"Mgeni gani? Ovide huyu aliyekunywa kahawa hapa jana?"

"Na juzi," Ovide akasema, akisogeza kikombe.

Hasira zikanipanda. Nikamkabidhi Eula birika, Ovide nikamsukumia beseni la wali na utumbo wa kujazia.

"Leo mnajihudumia! Atakayemwinua huyu kwenye kiti, namtoa nje na kikombe chake!"

Wakacheka, wakafanya kazi. Eula, aliyepikia watoto wa shule miaka mingi, alifunga soseji haraka huku akimsimanga Ovide kwa kupasua zake. Jiko lilijaa kelele. Verlie alikuwa ananijibu mimi, lakini macho yalikuwa kwao.

Tukafika penye swali: unatarajia kuajiri watu? Asubuhi alikuwa amejibu bila kufikiri, "Andika hapana, niko peke yangu." Safari hii aliwatazama kwanza wale wawili.

"Jibu, utajifunga!"

"Ovide, karakana ya boti wamekuita kazini?"

"Labda siku ya kiama."

"Na wewe Eula, bado unaongea na televisheni?"

"Siku hizi hata yenyewe hainijibu."

Verlie akanigeukia. "Andika ndiyo. Wawili."

Birika likabaki hewani mkononi mwa Eula.

"Mshahara upo," Ovide akauliza, "au tunalipwa kahawa?"

"Upo. Kahawa sasa utanunua."

Namba ikatokea. Nilipiga ukelele mpaka mbwa wa Eula akajibu kutoka ng'ambo ya barabara. Ovide alicheza na beseni. Eula alilia, akasingizia vitunguu, na vitunguu vyenyewe vilikuwa vimeiva zamani. Nami nilifurahi hata nikasahau kwamba nina hasira.

Verlie hata hakuitazama namba mara ya pili. Alishika simu, akampigia Bwana Hulin.

"Namba imetoka," akasema. "Nichongee funguo tatu."