Mlango wa Mugumo

Mume wangu Kaimenyi alikwama ndani ya nyumba aliyoipanda mwenyewe. Sijasema aliyoijenga. Aliipanda, kama mtu anavyopanda viazi, na ningekuwa na akili siku zile ningeing'oa yote ikiwa bado fito.

Aliona kwenye simu watu wa nchi fulani ya mvua nyingi wakivuta mizizi ya miti hai mpaka ikawa daraja. Kaimenyi hakuwa na mto wa kuvuka. Alichokuwa nacho ni kaka yake, Kinyua, na shamba la marehemu baba yao hapa Muthara ambalo halijagawanywa mpaka leo. Kila alichosimamisha Kaimenyi kwenye kona moja ya shamba hilo, Kinyua alikibomoa. Alibomoa banda la kuku, akabomoa na kibanda cha mabati, tena mchana, huku akipiga mluzi.

"Nitaweka kitu ambacho hata akilewa hatakigusa," Kaimenyi akaniambia. Akapanda nyumba ya mugumo.

Hapa kwetu mugumo, huo mtini wa matambiko, haukatwi. Panga likiugusa, wazee huitwa, kondoo huchinjwa, na aliyekata hali wala hanywi chombo kimoja na watu mpaka atakaswe. Wengine husema hata akitakaswa, laana hubaki ikitafuta watoto ambao bado anawazaa au kuwalea. Mtasema hayo ni ya zamani. Sisi ni watu wa kanisa, mimi mwenyewe naimba kwaya, lakini waulizeni wanakwaya wenzangu ni nani amewahi kukata mugumo. Mtasikia kimya.

Basi akazichomeka fito kwa mviringo, akazipinda juu, akazifunga kwa kamba za katani. Mizizi iliyoning'inia aliiongoza kupitia migomba iliyopasuliwa na kujazwa udongo, mpaka ikafika chini ikawa nguzo. Miaka ikapita, fito zikanenepa, zikakumbatiana, zikawa ukuta. Watu wakaja kupiga picha. Kinyua alikuwa akipita pale akitema mate, lakini mkono wake hakuunyoosha. Kaimenyi akatia kitanda ndani, akawa analala humo kulinda kona yake, mimi nikabaki kwa nyumba yetu ya mbao.

Lakini mti haujui kazi ya mlango. Mti unajua kunenepa tu. Mama mkwe wangu, Nelius, ndiye aliyeona kwanza. "Kaimenyi, mlango wako unafunga mdomo," akasema. Kaimenyi akacheka. Akaanza kupita kiubavu. Baadaye akawa anapita upande huku amebana pumzi, na mimi nilipopata mimba sikuweza tena kuingia kabisa.

"Si upunguze hata kidogo?" nikamwambia.

"Nipunguze? Halafu Kinyua aseme nini? Kwamba hata mwenyewe anaukata?"

Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Niliondoka, nikaubamiza mlango wangu mwenyewe kwa hasira.

Asubuhi ya Jumanne akapanda juu ya kitanda kufunga mzizi mmoja uliolegea. Nilikuwa nikichambua maharagwe uani. Nikasikia kishindo, kisha mlio ambao sijawahi kumsikia mwanamume akiutoa. Nikakimbia na tumbo langu mpaka mlangoni, na hapo nikasimama kama mjinga, kwa maana singeweza kupita.

Misheck, daktari wa zahanati, ni mwembamba kama fimbo. Alijipenyeza, akakaa huko ndani, akatoka na jasho usoni. "Paja limevunjika vibaya," akasema. "Mguu umeanza kuwa baridi, damu haifiki chini. Asipofika hospitali kubwa leo, mguu umeenda. Na huenda si mguu peke yake."

Ambulensi ilikuwa imefika, ikingoja barabarani. Tungemtoa vipi? Juu ya ubao wa kubebea wagonjwa, hapiti. Misheck na dereva walijaribu kumsimamisha wampitishe upande, akazimia. Chini palikuwa na mizizi, na juu pia mizizi. Mahali pa dirisha palikuwa na nafasi ya mkono tu, na mkono wake ukatokea hapo, ukanitafuta.

"Kagwiria, usiondoke."

"Niende wapi, Kaimenyi, na wewe umejifungia?" Nilimshika mkono nikiwa nimekasirika na ninalia. Vidole vyake vilikuwa na utomvu.

Vijana wa jirani walikuwa wamejaa pale, kila mmoja na panga lake, na kila mmoja akitazama viatu vyake. Mtu akapigia wazee simu. Walikuwa kwa mazishi mbali, upande wa Embu, wangefika kesho. Kesho! Nikamwona Kinyua amesimama nyuma ya watu.

"Shemeji," nikamwambia, "nakuomba."

"Mlipanda huu mti ili nisiuguse," akasema. "Haya. Siugusi. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Kisha akauona ule mkono wa ndugu yake kwenye mizizi, na uso wake ukabadilika. Akachomoa panga kiunoni, akaliweka chini kwenye nyasi, akarudi nyuma. "Nina watoto, shemeji. Nisamehe."

Nikaliokota mimi.

"Weka chini." Ni Mama Nelius. Alikuwa ameketi kwenye jiwe tangu asubuhi.

"Mama, ni mume wangu anakufa humu!"

"Na ni mtoto wangu. Weka chini. Hilo tumbo si lako peke yako."

Wacha niseme ukweli, nilimtukana. Nilimwambia kwamba anapenda mti kuliko mwanawe, na mengine ambayo mkaza mwana hamwambii mama mkwe mbele ya watu. Alifungua shuka mabegani, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya jiwe. Akaja akanitoa panga mkononi, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nimemaliza kuzaa," akasema. "Laana ikija itakuta mfupa mkavu. Itakula nini?"

Akausogelea mlango, akaweka kiganja kwenye gogo. "Huyu nilimtoa kwa mlango mwembamba mara ya kwanza," akasema, sijui akiuambia mti au akituambia sisi. Akainua panga.

Maziwa meupe ya mti yakaruka, yakammwagikia mikono. Watu wakageuza nyuso. Alikata kama anavyopasua kuni, polepole, akipumzika, akikata tena, na pumzi yake ilisikika mpaka barabarani. Kinyua hakuweza kuvumilia. Akasogea akisema, "Mama, lete nikusaidie."

"Kaa huko! Mmoja anatosha."

Gogo lilipoanguka, Misheck na dereva wakaingia na ubao, wakamtoa Kaimenyi, macho yamefumba. Kinyua akapanda ambulensi pamoja na ndugu yake bila kuulizwa.

Jioni simu ikalia. Ni Kinyua, sauti imekauka. Damu imerudi mguuni, wamemfunga vyuma, amelala. Nilipiga magoti jikoni nikashukuru Mungu.

Nilipotoka, ua ulikuwa mtupu. Watu walikuwa wamekwenda zao kwa njia ya nyuma ili wasipite karibu na aliyekata. Jirani mmoja alikuwa ameacha ndizi zilizochemshwa juu ya jani, mbali, kama mtu anayelisha mbwa asiyemfahamu. Mama Nelius alikuwa ameketi pale mlangoni alipokata, mikono imekauka utomvu. Nilimwambia habari za mwanawe. Akaitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka, akayaacha yateremke.

Nikapika uji wa wimbi, nikaumimina kwenye kibuyu chake, nikampelekea.

"Weka hapo chini," akasema. "Urudi nyuma."

Nilimpa mkononi. Akanywa, maana alikuwa na njaa. Alipokishusha kibuyu nikakichukua, nikanywa mahali palepale alipoweka mdomo.

"Kagwiria! Mtoto!"

"Mtoto naye ana njaa, Mama. Kunywa, utapoa."

Alinitazama mpaka nikadhani atanichapa. Kisha akasogea, nami nikaketi kando yake pale mlangoni. Sasa mlango ulitutosha wote wawili, pamoja na tumbo langu.